Masikio Yanalia Ukishuka Kwenye Pikipiki: Tafuta Upepo Unaingilia Wapi

Mwezi wa saba, njia ya Likasi. Nilisimama kwa mama mmoja anayeuza asali kando ya lami, nikavua kaske (kofia ya kinga ya pikipiki), nikauliza bei ya chupa. Akanijibu, nami nikatoa elfu kumi. Akacheka, akanirudishia elfu nne: «Papa, nimesema six, hapana dix. Masikio yako ilibakia mu njia?»

Hapa Lubumbashi bei tunazitaja kwa Kifaransa hata tukiwa katikati ya Kiswahili, na kinachotenganisha six (sita) na dix (kumi) ni herufi moja tu. Hiyo s ni sauti nyembamba, ya juu, na sauti za aina hiyo ndizo zinazopotea kwanza sikio likichoshwa na kelele. Mama yule hakukosea. Masikio yangu yalikuwa yamebaki njiani kweli, na yalirudi kesho yake asubuhi.

Mimi hubeba vipuri na makaratasi kati ya Lubumbashi na Likasi, kilomita kama 120 kwenda na nyingine kama hizo kurudi, mara nyingi siku hiyohiyo, kwa pikipiki ya silinda moja. Kwa muda mrefu niliamini kelele ni sehemu ya kazi, kama vumbi. Baadaye nikagundua kwamba karibu kila kelele ya kaske ina mahali inapotoka, na mahali hapo panaweza kutafutwa kwa mkono, kwa noti ya karatasi, kwa kipande cha utepe wa gundi. Nitapita dalili moja baada ya nyingine kama fundi anavyomsikiliza mteja: inalia vipi, inalia lini, ukifanya hivi inabadilika?

Kwanza hakikisha ni upepo

Wengi huilaumu injini. Jaribu hivi: barabara ikiwa imenyooka na hakuna mtu mbele wala nyuma, ukiwa kwenye kilomita 70 kwa saa, kamata klachi, achia gesi, injini ishuke hadi mlio wa kusimama. Hesabu mpaka tatu. Kama kelele ndani ya kaske imebaki karibu ileile, ni upepo. Kama imeanguka ghafla, basi una bomba la moshi bovu au lililotobolewa makusudi, na hapo dawa iko kwa fundi wa kuchomelea.

Kwa pikipiki yenye bomba zima, upepo huanza kuishinda injini kwenye kilomita 60 hadi 70 kwa saa. Maana yake ni kwamba anayebeba abiria ndani ya mitaa ya mji kama Katuba, Kenya au Ruashi, kwa kilomita 30 au 40, hana shida kubwa ya upepo. Yeye anapigwa na honi, mabomba ya moshi ya wenzake na spika za maduka. Maelezo haya ni zaidi ya wale wanaotoka mjini: Likasi, Kasumbalesa, Kipushi.

«Nikishuka masikio yanalia, au nasikia kama nimefunikwa na mto»

Hii ndiyo dalili ambayo watu huizoea, na ndiyo ya kuogopwa. Ule mlio wa «ngiii» usiku kitandani, au ule uzito wa kusikia watu kama wako chumba cha pili, ni ishara kwamba seli za ndani ya sikio zimechoka. Zina vinyweleo vidogo vinavyoyumba sauti ikipita. Kelele ya kiasi huvichosha, ukipumzika vinasimama tena, na baada ya saa kadhaa au siku moja unasikia kama kawaida. Ukivichosha kila siku vinakufa, na kwa binadamu havioti vingine. Kinachodanganya ni huko kupona kwa asubuhi: unaamka unasikia vizuri, unasema hakuna shida, unapanda tena.

Sababu yake huwa ni kiwango cha kelele na muda, vyote viwili pamoja. Taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, NIOSH, inaweka kikomo kwenye desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 85 kwa saa 8 kwa siku, na kila ikiongezeka desibeli 3 muda unakatwa nusu. Desibeli 88 ni saa 4. Desibeli 91 ni saa 2. Desibeli 94 ni saa 1, na 100 ni robo saa tu.

Sasa tupige hesabu ya njia ya Likasi. Chukulia kaske yako inakupa desibeli 94 ukienda kilomita 90 kwa saa, jambo ambalo ni la kawaida kabisa. Kilomita 120 zitachukua saa 1 na dakika 20. Umeshapita kikomo cha siku kabla hujashusha mzigo, na bado una kurudi. Punguza hadi 70. Kelele ya upepo hupanda kwa kasi kubwa kuliko mwendo wenyewe, kwa hiyo kutoka 90 hadi 70 unapunguza kama desibeli 6, na kikomo kinatoka saa 1 hadi saa 4. Safari itakuwa ya saa 1 na dakika 43. Dakika 23 za ziada zinakuwezesha kwenda na kurudi ukiwa ndani ya kikomo. Hakuna kaske ya bei yoyote itakayokupa tofauti kubwa hivyo bure.

Najua jibu: mteja anasubiri. Hata wangu anasubiri. Ndiyo maana dawa ya pili ni vizibo vya masikio, na kwangu mimi vinatangulia kabla ya kununua kaske nyingine, kioo kingine au chochote kile.

Mji huu una bahati moja. Nusu ya mtaa wowote ina mtu aliyewahi kufanya kazi mgodini, na vile vidude vya sponji vya rangi ya chungwa au kijani ambavyo watu wa migodi huviita bushoni vinauzwa katika maduka ya vifaa vya usalama kazini, pale pale penye buti za chuma na fulana zinazong'aa. Baadhi ya maduka ya dawa pia wanavyo. Jozi ya sponji ni rahisi kuliko lita ya mafuta. Tafuta pakiti yenye namba ya SNR, ile inayoonyesha kizibo kinapunguza desibeli ngapi. Namba 33 au zaidi ya hapo inatosha sana. Kama haina namba yoyote wala alama ya EN 352, kiwango cha Ulaya cha vikinga masikio, hujui umenunua nini.

Pamba? Nilisafiri na pamba misimu miwili ya kiangazi. Pamba ya kawaida inapunguza desibeli chache sana, inakupa moyo wa kuongeza mwendo, na kipande kinaweza kubaki ndani. Karatasi ya chooni ni vilevile. Na vijana wanaovaa visikilizio vya simu chini ya kaske wanajiongezea mzigo, kwa sababu ili wimbo usikike juu ya upepo wa desibeli 94 lazima wimbo wenyewe ufike huko au upite.

«Nimeweka vizibo lakini upepo ni uleule»

Hapa nitakaa kidogo, maana watu wengi huvitupa vizibo siku ya kwanza wakisema havifanyi kazi. Mara tisa kati ya kumi havijaingia. Vimekaa mlangoni.

Namba ya kwenye pakiti imepimwa na watu waliofundishwa kuvivaa. Ukivichomeka tu kama unavyochomeka kifuniko cha chupa, unaweza kupata theluthi ya namba hiyo. Njia ya sikio haikunyooka, ina kona, na sponji iliyovimba haiwezi kupita kona.

Fanya hivi. Nawa mikono, au angalau ifute, kwa sababu vumbi jekundu la hapa likiingia sikioni linakaa. Chukua kizibo kimoja, kisokote kati ya vidole polepole, ukiongeza nguvu kidogokidogo, mpaka kiwe chembamba kama njiti ya kiberiti na kisiwe na mikunjo. Mkono wa upande wa pili upitishe juu ya kichwa, shika ncha ya juu ya sikio, ivute juu na nyuma. Utasikia njia inafunguka. Chomeka kizibo haraka kabla hakijavimba, kisha kishikilie kwa ncha ya kidole bila kukisukuma zaidi. Hesabu hadi thelathini. Wengi wanaachia kwenye tano, na hapo ndipo kazi yote inapoharibika, kwa sababu sponji ikivimba bila kuzuiwa inajirudisha nje.

Kisha jipime. Sema neno kwa sauti, «Lubumbashi» linafaa: sauti yako inapaswa kusikika nzito na ndani ya kichwa, kama unaongea ukiwa ndani ya pipa. Baada ya hapo ziba masikio yote mawili kwa viganja, achia, ziba tena. Kama kuziba kwa viganja hakuleti tofauti kubwa, vizibo vimekaa. Kama dunia inanyamaza ukiziba na kupiga kelele ukiachia, toa, anza upya. Mtu akikutazama usoni moja kwa moja asione rangi ya sponji ikichomoza.

Kama umefanya yote hayo na bado havikai, tatizo ni saizi. Kuna watu wenye njia nyembamba za masikio, wanawake wengi wakiwamo, na sponji ya kawaida ni nene kwao. Kuna vizibo vidogo, na kuna vya silikoni vyenye tabaka tatu kama uyoga uliopangwa juu ya mwenzake, ambavyo havisokotwi. Vinapunguza kelele kidogo kuliko sponji iliyovaliwa vizuri, lakini kuliko sponji iliyokaa mlangoni vinashinda mbali.

Jambo la mwisho: huenda vilikuwa vimekaa vizuri, ukavivuta mwenyewe ulipovaa kaske. Sponji za mashavuni zinapoteremka zinaburuta sikio. Fungua mikanda ya kaske kwa mikono miwili, ipanue, ndipo uishushe.

«Naogopa sitasikia honi»

Kwenye mwendo wa barabara kuu ni kinyume. Kizibo kinapunguza kila kitu kwa pamoja, honi na upepo, na sikio ambalo halijazidiwa hutenganisha sauti vizuri zaidi. Kwenye kilomita 80 mimi huisikia honi ya lori ya nyuma mapema nikiwa na vizibo kuliko nikiwa bila. Mjini ni habari nyingine. Nikifika kwenye mizunguko ya kuingia mji navitoa, nasimama, naviweka kwenye kikopo chake.

Mluzi

Sauti nyembamba, ya juu, kama mtu anapuliza chupa. Hii ndiyo rahisi kuitafuta kwa sababu mluzi hutoka kwenye tundu au mwanya mmoja.

Ukiwa barabarani palipo wazi, kwa mkono wa kushoto tu, bonyeza kioo cha kaske dhidi ya kaske yenyewe. Mluzi ukikatika, mpira unaozunguka mdomo wa kaske haufungi. Ukifika nyumbani chukua noti ya franka 500, iweke kwenye ukingo, funga kioo juu yake, ivute taratibu. Inapokuja na ukinzani, hapo mpira unakaza. Inapoteleza kama iko mezani, hapo ndipo upepo unapita. Zungusha noti mzunguko mzima, kila baada ya vidole viwili. Mara nyingi utakuta ni upande mmoja, juu ya jicho, kwa sababu skrubu ya bawaba ya kioo upande huo imelegea. Ikaze kwanza kabla ya kulaumu mpira. Kama mpira umekauka, uoshe kwa sabuni, upanguse na upake mafuta kidogo ya silikoni. Mafuta ya injini na petroli yanaula.

Kama kubonyeza kioo hakubadilishi kitu, funika matundu ya hewa ya juu kwa kiganja, moja moja. Au subiri ufike, yafunike yote kwa utepe wa gundi, safiri kilomita kadhaa, halafu uyafungue moja moja kila safari. Tundu lenye kifungio kilichovunjika ni filimbi kamili. Usiyaache yote yamezibwa moja kwa moja: msimu wa mvua kioo kitapata ukungu, na hapo hutasumbuliwa na masikio tena, utasumbuliwa na shimo usiloliona.

Kelele inayotoka chini, kidevuni na shingoni

Sehemu kubwa ya upepo haiingii kwa mbele wala juu. Inaingia chini, pale kaske inapoishia na shingo inapoanza. Hewa inayopita kifuani inapanda, inafika kwenye ukingo wa chini, inavurugika, inaanza kuvuma kama mtu anayepuliza juu ya mtungi. Na mtungi wenyewe ni kaske yako.

Kipimo: mkono wa kushoto, kiganja kimefunguliwa, uweke chini ya kidevu kama unajizuia usilie. Kelele ikianguka, umepata. Mimi nilipofanya hivyo mara ya kwanza, karibu na kituo cha kulipia barabara, nilidhani masikio yameziba ghafla. Nikatoa mkono, nikarudisha, nikatoa, kama mtoto aliyepata swichi ya taa.

Dawa ni kuzuia hewa isipande. Baadhi ya kaske zina kitambaa kidogo cha chini ya kidevu. Nyingi za hapa zilikuwa nacho na kimepotea. Shali ya shingoni, ile ya mviringo isiyo na ncha, ikivutwa hadi ndani ya ukingo wa kaske na chini ikaingizwa ndani ya koti, inafanya kazi hiyo hiyo. Kiangazi, mwezi wa sita na wa saba, asubuhi za Katanga zina baridi ya kukata na kila mtu anajifunga shingo. Nadhani wengi walishawahi kuona kwamba msimu ule kelele inapungua, wakadhani ni baridi. Kitambaa chenye ncha ndefu usitumie: kikipepea kinaongeza mapigo, na kikishuka kuna mnyororo na gurudumu.

Kuna na sababu nyingine ya chini: kaske iliyolegea. Sponji za mashavuni husinyaa kwa miaka, hasa kaske iliyonunuliwa ikiwa imeshavaliwa na wengine. Funga mkanda, shika kaske kwa mikono, izungushe kushoto na kulia. Ngozi ya mashavu inapaswa kufuata. Kama kaske inageuka na uso umebaki palepale, hakuna vizibo wala shali itakayoitosheleza, na siku ya ajali haitakuokoa vilevile. Sponji mpya zikipatikana, badilisha. Kuna wanaoshonesha kwa fundi wa viti vya magari. Ziongeze unene kwenye mashavu na usiguse ile povu ngumu ya ndani inayopokea pigo.

Miwani ya jua yenye mikono minene ni kisa cha peke yake. Inainua sponji kidogo juu ya sikio na kuacha mfereji. Kama kelele yako huja mchana na kupotea jioni, angalia miwani kabla ya kitu kingine.

Kaske ya uso wazi haina marekebisho ya maana upande huu. Hapo ni vizibo na mwendo tu.

Mngurumo mzito, kichwa kinatikiswa

Huu si mluzi wala mvumo. Ni mapigo: «bu-bu-bu-bu», kichwa kinagongwagongwa, macho yanashindwa kutulia. Mara nyingi mwenye hali hii ameshafunga kioo kirefu cha plastiki juu ya taa ili apate kinga. Kioo kinakata hewa, na ukingo wake wa juu unaimwaga hewa iliyovurugika moja kwa moja kwenye kaske.

Simama kidogo juu ya vikanyagio ukiwa unaendesha, kichwa kipande sentimita kumi au ishirini. Ukikuta utulivu huko juu, hata kama upepo ni mwingi, kioo ndicho mkosaji. Sasa inama chini kabisa nyuma yake. Ukikuta utulivu huko pia, kioo chako kimeishia pabaya zaidi, katikati. Kibadilishe mwinuko, kikate kifupi, au kitoe. Upepo safi unaokupiga kifuani una kelele, lakini ni ya namna moja, na mara nyingi ni ndogo kuliko ile ya kioo kibaya. Mimi nilikitoa changu, nikampa jirani anayebeba mikate. Yeye ni mfupi, kinamfaa.

Mapigo yanayokuja na kwenda ni malori. Njia ya Kasumbalesa imejaa yale marefu ya shaba, na nyuma ya kila moja kuna hewa iliyopasuliwa kwa mita nyingi. Rudi nyuma, au kama njia ni wazi lipite uondoke. Kukaa mita ishirini nyuma ya lori kwa nusu saa ni kuchagua mahali penye kelele kuliko pote barabarani, na vumbi juu yake.

Na kabla hujakata kioo chochote, tazama kofia ya koti lako. Kofia inayopepea nyuma ya kaske inapiga ngoma sawasawa na hiyo. Nimeona mtu aliyebadilisha kaske mbili kwa sababu ya kofia ya koti.

Upande mmoja tu

Geuza kichwa kidogo kulia, kisha kushoto, ukiwa mwendoni. Kelele ikihama, inatoka nje: bawaba ya kioo, kioo cha pembeni kilichopandishwa juu sana, tundu lililovunjika upande huo. Kelele isipohama, kizibo cha sikio hilo hakijakaa. Sikio gumu kwa wengi ni lile la upande wa mkono wasioutumia sana, kwa sababu mkono huo hausokoti vizuri.

Lakini kama uko nyumbani, pikipiki imezimwa, na sikio moja halisikii, ruka hadi mwisho wa maelezo haya.

Sikio linauma au linawasha

Likiuma kwa shinikizo baada ya nusu saa, kizibo ni kinene au kimesukumwa ndani mno. Kizibo hakipaswi kuuma hata kidogo. Likiwasha siku inayofuata, ni uchafu. Sponji si ya kuosha, ni ya kutumia mara chache na kutupa. Ikibadilika rangi au ikiacha kuvimba, muda wake umekwisha. Ya silikoni osha kwa maji na sabuni, ikauke kabisa kabla ya kuirudisha kwenye kikopo. Usiazime wala usiazimishe. Sikio likitoa maji au usaha, acha vizibo, nenda ukapimwe.

Pale ambapo upepo hauna hatia

Jirani yangu aliuza kaske yake nzuri kwa sababu masikio yalianza kulia usiku na mchana. Alikuwa ametoka kutibiwa malaria kwa kwinini ya kuchomwa. Kwinini huliza masikio na kupunguza usikivu, jambo linalojulikana tangu zamani, na kwa kawaida hali hiyo hupita dozi ikiisha. Kaske alishaiuza. Sindano za jentamisini na za streptomisini nazo zinaweza kudhuru sikio, na madhara yake mara nyingi hayarudi nyuma. Ukiwa kwenye dawa hizo na masikio yakaanza kulia, mwambie aliyekuandikia siku hiyohiyo, na usiiache dawa kwa uamuzi wako.

Sikio lililoziba taratibu, zaidi baada ya kuoga, huenda ni nta. Vijiti vya pamba huisukuma ndani, na vizibo vikivaliwa kila siku huisukuma pia. Mhudumu wa afya akiitoa unasikia tena papo hapo.

Hesabu na kelele nyingine za siku. Mwenye jenereta dukani, mwenye kusaga chuma karajini, mwenye kukaa mbele ya spika za kanisa Jumapili kutwa: sikio halina daftari la upepo peke yake. Nimemwona mtu anavaa vizibo hadi Likasi na kurudi, halafu jioni anakaa mita mbili kutoka spika ya nganda (baa) hadi saa sita usiku.

Ukipata nafasi ya kupimwa usikivu, omba uone mchoro, na uangalie kwenye hezi 4,000, upande wa sauti nyembamba za juu. Kelele huchimba shimo hapo, kati ya 3,000 na 6,000, kabla hujahisi chochote kwenye mazungumzo ya kawaida. Walioajiriwa migodini wengine hupimwa kazini na wana karatasi hiyo nyumbani, hawajawahi kuisoma.

Na lile sikio moja lililokufa ghafla, kwa saa chache au ulipoamka asubuhi, kukiwa na mlio au kizunguzungu au bila: hilo ni la dharura. Kuna matibabu, na siku za kwanza ndizo zinazohesabika. Usikubali matone ya sikio kwa dirisha la duka la dawa bila mtu kutazama ndani. Nenda hospitali, uliza daktari wa masikio, pua na koo, na mweleze saa ilipoanzia. Pikipiki iache nyumbani, panda nyuma ya mwingine.